Udereva wa lori Marekani: Anayelipwa kwa maili halipwi kwa kungoja

KATIKA maboma mengi ya Kenya, mzazi akiulizwa mwanawe aliyeko Marekani anafanya kazi gani, si ajabu kumsikia akijibu kwamba ni dereva wa trela. Jibu hilo humtosha jirani. Picha inayomjia akilini ni ya lori refu linalong'aa, barabara pana isiyo na shimo hata moja, na dola zinazoingia katika simu ya mama kila mwisho wa mwezi.

Picha hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya mambo yalivyo.

Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024, na Marekani ndiyo iliyoongoza nchi zote kwa kiasi kilichotoka huko. Sehemu ya fedha hizo huchumwa kwenye usukani. Hata hivyo, wengi wa wale wanaozingoja hawaelewi ni kwa nini wiki moja hutumwa donge nono na wiki inayofuata dereva huyohuyo hapokei simu. Wengine humdhania ubahili, au hata kwamba amepotoka.

Maelezo yamo katika jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa, na hasa katika kazi ambayo madereva wengi hupewa wanapoanza: kuvuta trela la boksi katika eneo la majimbo kadhaa yanayopakana.

Trela la boksi ni kama chumba kirefu chenye magurudumu. Lina kuta, paa na milango miwili ya nyuma, wala halina mtambo wa kupoza wala kupasha joto. Urefu wake wa kawaida ni futi 53, yaani zaidi ya mita 16, na upana wake ni inchi 102. Ndani yake sakafu hutosha paleti 26 za kawaida zikipangwa mbilimbili.

Mkenya aliyezoea barabara ya Mombasa, ambako shehena husafirishwa ndani ya kontena lililotoka melini au juu ya trela tambarare lililofungwa turubai, huenda akashangaa kwamba bidhaa nyingi za madukani Marekani husafiri katika maboksi haya. Humo hupakiwa karatasi za chooni, soda, sabuni, magurudumu, nguo, televisheni, vyakula vya mikebe na chochote kile kisichooza wala kuyeyuka upesi. Nyama, maziwa na mboga huenda kwa trela la jokofu. Vyuma na mbao huenda kwa trela tambarare. Mafuta huenda kwa tangi.

Dereva wa boksi hana kazi ya kukaza minyororo wala kutandaza turubai, na mara nyingi hapakii wala hapakui kwa mikono yake. Ndiyo sababu kazi hii huonekana nyepesi na hupewa wageni. Ndiyo sababu pia malipo yake kwa kila maili huwa chini kuliko ya wenzake wa tangi au wa trela tambarare.

Wepesi huo una mipaka yake. Sheria ya serikali ya kitaifa huruhusu lori, trela na shehena kuwa na uzani wa jumla usiozidi ratili 80,000 katika barabara kuu za majimbo, kiwango kilichowekwa mwaka wa 1974. Hizo ni takriban tani 36. Katika Afrika Mashariki, sheria ya jumuiya ya kudhibiti uzani wa magari huruhusu hadi tani 56 kwa lori la ekseli saba. Kwa hivyo dereva aliyetoka Mariakani hutarajia kuona mizani ya Marekani kama mchezo.

Haiwi hivyo. Uzani wa jumla unaweza kuwa halali ilhali ekseli mbili za nyuma zimebeba zaidi ya ratili 34,000 zinazoruhusiwa. Papo hapo dereva hutakiwa kuchomoa pini chini ya trela, kusogeza magurudumu ya nyuma mbele au nyuma tundu moja moja, kisha kurudi kwenye mizani kupima upya. Kila tundu huhamisha ratili mia kadhaa kutoka ekseli hizi hadi zile. Akisogeza magurudumu nyuma mno, hukiuka sheria ya jimbo jingine inayoweka kikomo cha urefu kati ya pini ya kuunganishia trela na ekseli ya mwisho.

Trela tupu nalo lina hatari yake. Boksi lisilo na mzigo ni tanga. Upepo mkali wa ubavuni ukilipiga katika uwanda wazi au juu ya daraja refu, huweza kulilaza chini pamoja na kichwa kinacholivuta.

Kisha kuna kimo. Trela hizi hufikia futi 13 na inchi sita kutoka ardhini. Mjini Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na nafasi ya futi 11 na inchi nane tu, ambalo limepasua mapaa ya malori mengi kiasi cha kupata umaarufu duniani kupitia video. Mwaka wa 2019 liliinuliwa kwa inchi nane. Malori yameendelea kuligonga. Dereva anayefuata ramani ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari madogo hujikuta mbele ya daraja la namna hiyo, msururu wa magari ukiwa nyuma yake, na hana utingo wa kushuka kumwelekeza.

Jambo hilo la utingo ni la kuzingatiwa. Katika lori la Kenya aghalabu huwa kuna watu wawili. Marekani dereva huwa peke yake: ndiye anayekagua matairi, anayeunganisha mipira ya upepo, anayepandisha miguu ya trela, na anayerudisha futi 53 kinyumenyume hadi kwenye mlango wa ghala, katikati ya matrela mengine mawili yaliyoachana kwa kiasi cha hatua chache. Trela likirudi nyuma huelekea kinyume cha upande ambao usukani umezungushwa. Wengi wa wanaoanguka mtihani wa leseni huangukia hapo.

Tukirejea kwenye umbali, kuna madereva wa mjini wanaolala nyumbani kila siku, na kuna wale wa masafa marefu wanaovuka nchi nzima na kukaa barabarani kwa wiki tatu au zaidi. Dereva wa eneo yuko katikati. Kampuni humpa majimbo kadhaa yanayopakana, na kwa kawaida hurudi nyumbani mara moja kwa wiki, aghalabu mwishoni mwa wiki, kwa siku moja na nusu au mbili.

Mfano mzuri ni kusini-mashariki mwa nchi hiyo, ambako jiji la Atlanta, lenye jamii kubwa ya Wakenya, ni kitovu cha maghala na barabara kuu. Dereva aliye na makao huko anaweza kwenda Charlotte au Nashville, kila mji ukiwa umbali wa takriban maili 250, au Jacksonville katika jimbo la Florida, karibu maili 345. Safari hiyo ya mwisho ni zaidi kidogo ya kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Kila njia ina tabia yake. Ya Nashville hupitia mlima wa Monteagle huko Tennessee, ambako mteremko ni mkali kiasi kwamba kumejengwa njia za dharura za kunasia malori yaliyofeli breki. Ya Florida ni tambarare, lakini kasoro yake ni ya kibiashara. Florida hula zaidi ya inavyozalisha: malori mengi huingia yakiwa yamejaa, na shehena za kutoka ni chache na za bei duni. Dereva aliyefurahia malipo ya kuingia huweza kutoka na trela tupu, na kampuni nyingi hulipa pungufu au hazilipi kabisa kwa maili za trela tupu.

Kinachotawala siku ya dereva ni saa. Kanuni za serikali humruhusu kuendesha kwa muda usiozidi saa 11, lakini ndani ya dirisha la saa 14 linaloanza mara tu anapoanza kazi ya aina yoyote. Dirisha hilo likifungwa, hana ruhusa ya kuendesha lori kibiashara mpaka apumzike kwa saa 10. Baada ya kuendesha kwa jumla ya saa nane ni lazima asite kwa dakika 30. Katika siku nane hawezi kuendesha baada ya kutimiza saa 70 za kazi, isipokuwa apumzike kwa saa 34 mfululizo ndipo hesabu ianze upya.

Sheria ya Kenya kwa hakika ni kali zaidi kwa maandishi, kwa kuwa tangu mwaka wa 2012 humzuia dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Tofauti iko katika utekelezaji. Zamani Wamarekani walijaza vitabu vya karatasi, na madereva wenyewe waliviita vitabu vya hadithi. Tangu Desemba 2017 malori mengi yamelazimika kufungwa kifaa cha elektroniki kilichounganishwa na injini. Lori likisogea, kifaa huandika. Polisi akilisimamisha, huiona siku nzima ya dereva dakika kwa dakika.

Lengo lilikuwa kuwazuia madereva wachovu wasiue watu, na ni lengo jema. Lakini kanuni hiyo ilipokutana na mfumo wa malipo uliokuwepo, ilizaa tatizo ambalo halijatatuliwa.

Madereva wengi wa boksi hulipwa kwa maili. Hawalipwi kwa saa wala kwa mwezi. Tuseme kampuni hulipa senti 55 kwa maili na dereva ameenda maili 2,200 katika wiki. Mapato yake kabla ya kodi na makato ni dola 1,210. Wiki ikiharibika akapata maili 1,400, mapato ni dola 770, ilhali kodi ya nyumba, bima na karo ya mtoto aliyeko Kenya havikupungua.

Hata hizo maili zina hila. Baadhi ya kampuni hazilipi maili ambazo lori limeenda kwa kweli. Hulipa umbali mfupi kati ya mji na mji kulingana na orodha iliyobuniwa zamani kwa ajili ya wahamishaji wa mizigo ya nyumbani. Dereva huweza kuona maili 265 kwenye dashibodi na 250 kwenye hati ya malipo.

Basi na aangaliwe dereva aliyeanza kazi saa kumi na moja alfajiri. Akalikagua lori, akafika kwenye ghala saa kumi na mbili kama alivyoagizwa. Kama kampuni na mteja wamepanga kuachiana matrela, huacha tupu lake, huunganisha lililokwisha kupakiwa, hukagua sili na hati ya shehena, na kuondoka katika dakika 40. Hiyo ndiyo kazi ambayo kila dereva huitamani.

Lakini ikiwa ni ya kupakiwa hapo hapo, huambiwa arudi nyuma mlangoni na kungoja. Foklifti ni mbili, malori ni 15, na makarani wanaenda kula. Hupewa hati saa nne asubuhi. Hufika Jacksonville saa kumi jioni, na kuanza kungoja tena, safari hii kupakuliwa. Saa moja jioni dirisha lake la saa 14 hufungwa akiwa angali mlangoni pa mwenye ghala. Ameamka mapema, amekuwa kazini kwa saa 14, na amelipwa maili 345.

Desturi ya biashara hiyo ni kwamba saa mbili za kwanza za kungoja ni za bure. Baada ya hapo kampuni humdai mteja fidia, na dereva huweza kupata kiasi fulani, ama asipate kitu. Hakuna sheria ya kitaifa inayolazimisha fidia hiyo. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani alikadiria mwaka wa 2018 kwamba kungojeshwa huko huwapunguzia madereva wa shehena nzima mapato ya kati ya dola bilioni 1.1 na bilioni 1.3 kila mwaka. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba kila dakika 15 zinazoongezeka katika muda wa kungoja huongeza kiwango cha ajali kinachotarajiwa kwa asilimia 6.2. Haishangazi: aliyepoteza saa nne asubuhi hujaribu kuzifidia jioni.

Kero hii ni kongwe. Malcolm McLean, dereva na mwenye malori wa North Carolina, alisimulia baadaye kwamba wazo la kontena lilimjia akiwa bandarini akingoja siku nzima lori lake lipakuliwe marobota ya pamba. Aprili 26, 1956, meli yake Ideal X iliondoka Newark ikielekea Houston na makontena 58. Kila kontena linaloshushwa Kilindini leo lina asili yake katika mpango huo wa dereva aliyekosa subira.

Mtu huweza kuuliza: mbona dereva asidai malipo ya saa za ziada kama mfanyakazi wa kiwandani? Jibu liko katika sheria. Sheria ya Marekani ya viwango vya kazi ya mwaka wa 1938 iliyoleta malipo ya ziada baada ya saa 40 kwa wiki iliwaacha nje madereva wa malori yanayovuka majimbo, kwa hoja kwamba saa zao zilikwisha kusimamiwa na mamlaka nyingine. Wamebaki nje hadi leo.

Kulikuwa na wakati ambapo hilo halikuwaumiza sana. Kuanzia mwaka wa 1935 serikali ilidhibiti nauli za mizigo na idadi ya kampuni zilizoruhusiwa kuingia sokoni, na chama cha Teamsters kilikuwa na nguvu za kudai mishahara mizuri. Julai 1, 1980, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyofungua soko. Nauli zilishuka, bidhaa zikawa nafuu, kampuni zikamiminika, na katika usafirishaji wa shehena nzima vyama vya wafanyakazi vikapoteza nafasi yao. Mwanauchumi Michael Belzer aliyaeleza matokeo yake katika kitabu chake Sweatshops on Wheels cha mwaka wa 2000.

Takwimu za Idara ya Takwimu za Kazi ya nchi hiyo zinaonyesha kwamba mapato ya kati ya madereva wa malori makubwa yalikuwa dola 57,440 kwa mwaka kufikia Mei 2024. Maana yake nusu yao hupata chini ya hapo. Kwa Sh129 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh7.4 milioni, na hapo ndipo jamaa walioko Kenya husimamisha hesabu. Hawatoi kodi ya serikali, kodi ya nyumba, bima ya afya, wala chakula cha barabarani kinacholiwa siku tano au sita kwa wiki. Wala hawagawi kwa saa 60 au 70 za kazi kwa wiki badala ya 40.

Ukweli kwamba kazi hii huchosha unaonekana katika idadi ya wanaoiacha. Kwa miaka mingi, kampuni kubwa za shehena nzima zimekuwa zikibadilisha madereva kwa kiwango cha karibu asilimia 90 kwa mwaka au zaidi. Wenye kampuni husema pana uhaba wa madereva. Mtu akitazama idadi ya wenye leseni wanaofanya kazi nyingine, huona kwamba uhaba mkubwa ni wa watu walio tayari kuivumilia kwa malipo hayo.

Saa zikiisha, swali linalobaki ni la mahali pa kulala. Kichwa cha lori la masafa kina kitanda nyuma ya kiti, na si kibaya. Tatizo ni nafasi ya kuegesha. Uchunguzi wa serikali uliofanywa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya madereva hupata shida ya kupata maegesho salama. Vituo vya barabarani hujaa mapema jioni. Anayefika saa tatu usiku hukuta malori yameegeshwa hadi kando ya njia za kuingilia barabara kuu, jambo lisiloruhusiwa na la hatari.

Uchunguzi huo ulifanywa kwa mujibu wa sheria yenye jina la mtu. Machi 2009, Jason Rivenburg, dereva kutoka jimbo la New York, alifika karibu na mahali pa kupeleka shehena South Carolina kabla ya wakati wake na hakuwa na mahali pa kungojea. Aliegesha katika kituo cha mafuta kilichoachwa mahame. Akapigwa risasi na kuuawa humo ndani ya lori na mwizi aliyeondoka na dola saba. Mkewe, Hope, alikuwa na mimba ya mapacha. Alipigania sheria ya maegesho hadi ikapitishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka wa 2012.

Tangu mwaka wa 2018, mwongozo wa serikali humruhusu dereva aliyeishiwa saa kwenye ghala kulisogeza lori hadi mahali salama pa karibu, kampuni yake ikikubali. Mwongozo, hata hivyo, haukujenga maegesho.

Yapo yanayomkumba dereva ambayo hutokana na karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe, na hapa ndipo Wakenya wengi wanapaswa kuwa macho. Baada ya miezi kadhaa ya kuajiriwa, dereva huambiwa kwamba anaweza kuwa bosi wake mwenyewe. Kampuni humkodisha lori kwa ahadi kwamba akimaliza malipo litakuwa lake. Jina la lori huwa lake katika maongezi; mizigo bado hupangiwa na kampuni ileile.

Kutoka siku hiyo, kila wiki hukatwa pesa za lori, za bima, za mafuta na za matengenezo, iwe amepata maili 2,500 au 900. Wapo wanaofanya kazi wiki nzima na hati ya malipo ikaonyesha kwamba wao ndio wanaodaiwa na kampuni. Akiacha kazi hupoteza lori na yote aliyolipa. Mwanasosholojia Steve Viscelli, aliyeendesha lori mwenyewe kwa ajili ya utafiti, aliueleza mtego huu kwa kina katika kitabu chake The Big Rig cha mwaka wa 2016. Januari 2025, jopo lililoundwa na serikali kuchunguza mikataba hiyo lilipendekeza ipigwe marufuku kwa sheria.

Mahakama nazo zimelizungumzia suala hili. Januari 2019, katika kesi ya New Prime dhidi ya Oliveira, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya usuluhishi ya mwaka wa 1925 haiwezi kutumiwa kumnyima dereva haki ya kwenda kortini kudai malipo kwa sababu tu mkataba unamwita mkandarasi huru. Majaji wote wanane waliosikiliza kesi walikubaliana.

Walionunua malori yao wenyewe kwa mkopo wa benki hawakusalimika pia. Wakati wa janga la korona, hasa mwaka wa 2021, nauli za boksi zilipanda sana na bei za malori makuukuu zikapaa. Wengi walijitosa. Nauli zilianza kuanguka mwaka wa 2022, mikopo ikabaki palepale, na madalali wa mizigo wakaanza kutoa bei zisizotosha hata mafuta na matairi. Malori mengi yaliishia kuchukuliwa na waliokopesha.

Kwa anayetafakari kuingia katika kazi hii akiwa Kenya, kuna mambo ya kisheria yasiyokwepeka. Leseni ya Kenya, hata iwe ya trela na ya miaka 20, haitambuliwi kwa kazi hiyo. Nchi ambazo leseni zake za biashara hutambuliwa ni Kanada na Mexico pekee. Mgeni aliye na kibali halali cha kuishi na kufanya kazi hulazimika kuanza upya: kibali cha mwanafunzi, mafunzo katika shule iliyosajiliwa, sharti lililoanza Februari 2022, kisha mtihani wa ukaguzi wa lori, wa kurudisha trela nyuma na wa barabarani. Hupimwa afya angalau kila baada ya miaka miwili. Hupimwa pia mihadarati, na anayepatikana huingizwa katika sajili ya kitaifa ambayo kila mwajiri huiangalia. Kuvuka mpaka wa jimbo kunahitaji kuwa na umri wa miaka 21.

Mwaka wa 2025 milango ilibanwa zaidi. Kuanzia Juni 25 mwaka huo, dereva anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani huweza kuondolewa barabarani papo hapo. Mkenya aliyesoma shuleni hana sababu ya kuliogopa sana sharti hilo, ingawa lafudhi na woga mbele ya polisi vimewahi kumponza mtu.

Agosti 21, 2025, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Marco Rubio alitangaza kusitishwa kwa utoaji wa viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara. Septemba ikafuata kanuni ya dharura ya kuwanyima leseni hizo wageni wengi wenye vibali vya muda, kanuni ambayo mahakama ya rufaa mjini Washington iliisimamisha kwa muda mnamo Novemba.

Kwa hivyo wakala anayeweka bango mjini Nairobi, Eldoret au Thika akidai ada ya maelfu ya shilingi kwa viza ya udereva wa lori Marekani anapaswa kuulizwa swali moja kabla ya shamba kuuzwa: viza hiyo ni ya daraja gani, na ni afisi gani ya serikali ya Marekani iliyosema baada ya Agosti 2025 kwamba inatolewa.